Baharia wa Kamera Anajibu: Iceland Yako Iko Tsavo

*Ami, salaam aleikum. Mimi ni kijana wa Kisauni, nina miaka 24, napiga video za harusi. Nimeandika filamu ya bunilizi ya kisayansi kuhusu msichana anayetafuta mji wa mwisho wenye maji matamu baada ya bahari kupanda. Inapita Mombasa, Iceland, Japani na Sahara. Nina kamera, lenzi mbili na shilingi laki tatu na nusu. Wenzangu wasema nisijisumbue, nipige yote mbele ya kitambaa cha kijani, kompyuta imalize. Nimesikia wewe filamu yako uliipiga ng'ambo kwelikweli. Nianzie wapi?*
*— Msomaji, Kisauni*

Wa aleikum salaam, mwanangu. Muswada wako nimeusoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi.

Laki tatu na nusu haitakufikisha Iceland na kukurudisha, wewe na mwigizaji na mshika sauti. Hilo tulimalize mapema. Mimi pia pesa sikuwa nazo. Nilikuwa na kazi melini, chumba cha mitambo, mikataba ya miezi tisa tisa, na meli ndiyo iliyonilipia nauli. Filamu yangu ina dakika 34 na ilinichukua miaka sita, 2012 hadi 2018, kwa sababu nilipiga pale meli ilipofunga gati, si pale nilipopenda. Salalah ya Oman, Walvis Bay ya Namibia, Rotterdam ya Uholanzi, halafu nyumbani. Hadithi niliiandika upya kila bandari. Wewe huna meli, lakini una jambo ambalo mimi sikuwa nalo: waweza kuchagua.

Basi usiku wa leo kaa na muswada wako. Kila onyesho la ng'ambo, andika pembeni unataka nini pale. Jina la nchi usiliandike, andika kitu chenyewe. La kwanza nimekufanyia mimi. Onyesho la 7, "Iceland": msichana anatembea peke yake juu ya ardhi nyeusi, hapana mti, hapana nyasi, mawe makali yanamkata viatu. Unachokitaka hapo ni ardhi nyeusi. Na ardhi nyeusi iko Tsavo Magharibi, mahali paitwapo Shetani, mto wa mawe ya volkano uliomwagika miaka kama 200 iliyopita ukagandia pale pale. Treni ya kwenda Nairobi yasimama Mtito Andei. Ukishuka hapo umekaribia, ingawa utahitaji gari, ruhusa ya Shirika la Wanyamapori na askari wao wa kukulinda. Iceland yako iko Tsavo, mwanangu, na nauli yake unayo.

Sahara yako ni maonyesho mawili, na yote mawili ni ya karibu: nyayo kwenye mchanga, kisha uso. Vilima vya mchanga vya Mambrui, kaskazini ya Malindi, vitatosha kabisa ukiipa bahari mgongo.

Japani ndiyo iliyonikesha. Msichana anapita kati ya maelfu ya watu wenye miavuli, taa za matangazo zinamulika, na hakuna hata mmoja anayemtazama. Hilo hapa hulipati. Marikiti hapiti mtu asionwe. Upweke wa kuwa katikati ya watu wote wale ndio moyo wa hadithi yako, naomba usiukate. Lakini hesabu: ni sekunde arubaini, na umeandika kwamba wakati ule amevaa helmeti. Basi anayetembea si lazima awe mwigizaji wako. Tafuta mtu wetu anayeishi kule, mwanafunzi au mfanyakazi, umtumie vazi na maagizo ya kurasa mbili: lenzi ya milimita ngapi, kamera iwe juu kiasi gani kutoka ardhini, jua au taa zitoke upande gani, anatembea kutoka kushoto kwenda kulia au kinyume. Na umuulize yuko mji gani. Umeme wa Tokyo ni hezi 50 kama wetu, wa Osaka ni hezi 60. Ukipiga kwa shata ya 1/50, yaani kamera ikifunguka kwa sehemu ya hamsini ya sekunde, chini ya taa za Osaka, nyingine zitapepesa kwenye picha, na kitu hicho huwezi kukiondoa baadaye kwa urahisi. Akiwa Osaka mwambie aweke 1/60.

Helmeti iliniokoa hata mimi. Mhusika wangu ni mpiga mbizi aliyetumwa kuhesabu visiwa vilivyobaki. Walimwigiza watu wanne: mpwa wangu hapa Mombasa, mpishi wetu Mfilipino, fundi umeme wa meli, na mimi mwenyewe siku mbili kule Walvis Bay. Fundi wa Majengo alinishonea mavazi mawili yaliyofanana, ya turubai na nyavu za kuvulia, kwa sababu nilijua moja litapotea, na lilipotea. Tatizo halikuwa sura. Lilikuwa mwendo. Kila mtu na mwendo wake, na mtazamaji huujua mwendo kabla ya uso. Dawa yake ilikuwa kokoto moja ndani ya kiatu cha kushoto. Wote wanne walichechemea sawasawa, na kuchechemea kule kukawa ndiyo tabia ya mhusika, hata nikamwandikia jeraha la zamani.

Kitu cha pili kilichounganisha bandari zangu ni sauti. Nilirekodi mngurumo wa jenereta ya meli, dakika kumi mfululizo, usiku, milango ikiwa imefungwa. Mngurumo huo nimeulaza chini ya kila onyesho, chini sana, hata jangwani. Watu hawausikii, lakini ukiutoa wanasema filamu imekatika vipande. Tafuta mngurumo wako. Mwongozaji Michael Winterbottom kwenye filamu yake *Code 46* ya mwaka 2003 aliziunganisha Shanghai, Dubai na Jaipur zikawa dunia moja ya kesho, bila kujenga mji mpya. Alipiga miji kama ilivyo, akachagua tu wapi kuielekeza kamera.

Sasa jua. Hili wapiga harusi mnalijua nusu. Mombasa tuko nyuzi 4 kusini ya ikweta, na magharibi yetu ni fupi: jua likizama, dakika ishirini hivi na mwanga umekwisha. Rotterdam mwezi wa Juni jua linazama saa nne usiku, na mwanga unabaki ukikusubiri. Nilipiga kule onyesho la kuagana, pana, kwa saa nzima bila haraka. Nyuso za karibu za onyesho hilo hilo nikazipiga Mtwapa, na ikanibidi niende jioni tano, kila jioni sentensi mbili tatu, ili mwanga ufanane. Kwa hivyo onyesho la machweo lenye maneno mengi usiliandike kwa Mombasa. Ukiliandika la alfajiri litakuwa na taabu ile ile. Liandike la mchana.

Na mchana wetu una zawadi ambayo Ulaya hawaipati. Karibu tarehe 10 Machi, na tena karibu tarehe 3 Oktoba, jua hupita juu ya utosi kabisa. Mwezi wa Machi ni kama saa sita na nusu. Kwa dakika chache mlingoti hauna kivuli, wala mtu hana ila kile cha chini ya miguu. Simama Mama Ngina kati ya mibuyu saa hiyo utazame: macho yanajua kuna kitu kimekosekana bila kujua ni nini. Nilisubiri mwaka mzima kwa ajili ya picha moja ya namna hiyo, na ndiyo watu huniuliza kompyuta gani niliitumia.

Ukipiga kwenye mwamba, uliza wavuvi habari za bamvua. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji hutoka mbali sana, tofauti ya kujaa na kupwa ni zaidi ya mita 3, na mwamba wote unajitokeza kama uso wa sayari nyingine. Lakini kila siku maji yanachelewa kama dakika hamsini, kwa hivyo kesho saa ile ile hutalikuta ulilolikuta leo. Ukikosa, rudi baada ya siku kumi na tano. Andika kalenda ya upigaji kwa mwezi wa mbinguni kwanza, ndipo uangalie siku ambazo waigizaji wana nafasi.

Kuna jambo moja nataka ulisikie vizuri, kwa sababu katika muswada wako nimeliona neno "sayari iliyokufa" mara sita.

Mwaka 2016 nilikuwa nyumbani, nikaenda mashamba ya chumvi upande wa Gongoni. Weupe mtupu mpaka upeo wa macho, anga imelala juu ya maji. Nilikuwa nimeandika kwamba hapa ndipo viumbe wote walipotoweka. Nikiwa napanga kamera, akaja mama mmoja, koleo begani, miguu imechubuka kwa chumvi, akauliza twafanya nini. Nikamweleza kwa furaha: hii ni dunia ambayo hakuna tena anayeweza kuishi. Akanitazama, akatazama chumvi, akasema, "Mimi hapa nimelelea watoto watano."

Sikupiga siku ile. Nilikaa kwenye kibanda chao, nikanywa chai ya rangi, wakanionyesha jinsi maji ya bahari yanavyoingizwa, yanavyokauka, jinsi wanavyojua kwa kidole kuwa chumvi imeiva. Onyesho nililiandika upya. Mpiga mbizi anafika mahali ambapo ramani yake inasema hakuna mtu, na anawakuta watu wakivuna. Yule mama alicheza kwa jina la kubuni, akalipwa sawa na waigizaji wangu wengine, na maneno yake ni yale yale aliyoniambia. Ni onyesho bora kuliko yote niliyopata kuyapiga.

Sisi tumeonyeshwa mara nyingi kama mahali ambapo dunia imeisha. Usiende Mambrui wala Tsavo ukafanya hivyo kwa watu wengine. Kabla ya kupaita mahali pamekufa, uliza ni nani anayeamkia pale.

Kuhusu kitambaa cha kijani, sikichukii. Wenzako wana haki kidogo. Gareth Edwards, Mwingereza, alipotengeneza *Monsters* iliyotoka mwaka 2010, alikwenda na kikundi kidogo sana na waigizaji wawili Mexico, Guatemala, Belize na Costa Rica, kwa chini ya dola nusu milioni. Wengi wa wanaoonekana mle ni wenyeji waliokutwa pale pale. Viumbe wake aliwaweka baadaye kwa kompyuta, kwa mkono wake mwenyewe. Angalia mpangilio huo: mahali kweli kwanza, uongo baadaye. Ukianza na kitambaa, mwigizaji wako hana upepo usoni wala mchanga viatuni, na hilo halijazwi baadaye. Nilipopiga Salalah mwezi wa Agosti, upepo wetu huu huu wa kusi ulikuwa umeifunika milima ya Dhofar kwa ukungu na manyunyu, jangwa limegeuka kijani. Mpishi wetu alitetemeka kweli, kokoto kiatuni, na mimi nikatetemeka nyuma ya kamera.

Anza na Tsavo. Japani iwe ya mwisho.

*Kaka, mwanangu wa miaka 19 naye amepatwa na haya mambo ya filamu. Ataka kuingia Kilindini kupiga makreni usiku, na amenunua droni airushe juu ya feri ya Likoni. Asema mwenye safu hii alipiga bandari za dunia nzima. Mimi sili wala silali. Nimkataze?*
*— Mama wa Kibokoni*

Dada yangu, hofu yako ina msingi, na nasikitika ikiwa maneno yangu ndiyo yaliyompa wazo. Mpe gazeti asome mwenyewe.

Kijana wangu, sikuwahi kupiga ndani ya gati bila kibali ila mara moja, na ile mara moja ilinitosha. Tangu tarehe 1 Julai 2004 bandari za meli za kimataifa zinafuata kanuni za usalama ziitwazo ISPS. Kila ua na kila lango lina walinzi wanaolipwa kumshuku mtu mwenye kamera. Katika bandari moja ya ng'ambo nilijibanza kwenye uzio nikapiga makreni saa nane usiku. Walinichukua kadi wakaifuta mbele yangu. Kwenye kadi ile mlikuwa na kazi ya siku mbili ambayo sikuwa nimeinakili popote. Nahodha nusura anishushe, na makosa yalikuwa yangu. Tangu siku hiyo nanakili mara tatu kabla ya kulala: moja mfukoni, moja kabatini, moja kwa mwenzangu wa chumba kingine.

Rotterdam kuna magari yasiyo na dereva yanayobeba makontena tangu mwaka 1993. Nilikuwa nayaona kutoka sitahani, yanapishana bila mtu, na mkono ulikuwa unaniwasha. Niliomba ruhusa kwa barua, nikakataliwa. Basi siku ya mapumziko nikaenda ufuo wa Maasvlakte, ambao ni wa umma, nikapiga makreni kwa mbali ndani ya ukungu. Picha ile ni nzuri kuliko niliyokatazwa.

Usimkataze, dada. Mwambie aombe. Hapa kwetu filamu ya kuonyeshwa hadharani inahitaji leseni chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222. Droni ni mambo ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, na juu ya feri iliyojaa watu asirushe kabisa, hata kama hakuna anayemwona. Ikianguka, inaangukia kichwa cha mtoto wa mtu. Ngome ya Yesu na magofu ya Gede ni mali ya Makavazi ya Taifa, wao wana utaratibu wao. Makreni ya Kilindini yanaonekana vizuri kutoka ng'ambo ya maji. Akitaka ndani ya meli, na mahali palipo kama chombo cha angani kuliko chumba cha mitambo hapajajengwa, aandike barua, ataje siku moja, watu watatu, saa mbili. Barua fupi yenye saa hujibiwa kuliko ndefu yenye sifa.

Na wewe ule, dada.

*Mzee, nasafiri na kamera kutoka Tanga kwenda Muscat kupiga filamu fupi. Betri kubwa naweza kuzitia kwenye sanduku?*
*— Msomaji, Tanga*

La. Betri za akiba za lithiamu haziendi kwenye mzigo wa chini ya ndege, unazibeba mkononi, kila moja ncha zake zimefunikwa kwa utepe. Chini ya wati-saa 100 hakuna shida kubwa. Kati ya 100 na 160 omba ruhusa ya shirika la ndege, na hazizidi mbili. Zaidi ya hapo ziache Tanga. Andika pia orodha ya vifaa vyako vyote na namba zake, forodha waigonge muhuri ukitoka, usije ukadaiwa ushuru wa kamera yako mwenyewe ukirudi.

*Ami, niko kidato cha tatu, kwetu ni Ngomeni. Mwalimu asema hadithi za angani si za Waafrika, niandike ya shambani. Je, ni kweli?*
*— Mwanafunzi, Ngomeni*

Mwanangu, umeniandikia kutoka Ngomeni! Toka nje utazame baharini. Yale majukwaa ya chuma yaliyosimama kwa miguu majini ni ya Waitaliano, San Marco, na roketi ya kwanza kupeleka setilaiti kutoka pale iliruka mwaka 1967. Tarehe 12 Disemba 1970 pale pale ilirushwa setilaiti ya Wamarekani, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kutazama mbingu kwa miale ya eksirei. Kwa kuwa siku ile Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru, waliipa jina la Kiswahili. Iliitwa Uhuru. Wanajimu wa dunia nzima wameliandika neno hilo vitabuni mwao.

Na Wanuri Kahiu, Mkenya, alitengeneza *Pumzi* mwaka 2009, filamu fupi ya dunia isiyo na maji, ikaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Sundance, Marekani, mwaka uliofuata. Mwalimu wako mheshimu, lakini insha yako iandike.

Kituo chenyewe usikiingie bila ruhusa. Huna haja. Kuna wazee kwenu walioiona ile roketi ikipanda, wengine walikuwa kwenye mashua, wavu mkononi. Mtafute mmoja, babu yako au jirani, umwombe akusimulie, simu ya nyumbani yenye kamera uisimamishe juu ya gunia ili isitikisike, umkalishe aelekee bahari, jua la asubuhi limpige ubavuni. Washa kamera kabla hujamuuliza alikuwa wapi siku ile.